Kwa Nini, Mara Tano

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye chumba cha habari nilichokuwa nafanya kazi, tulichapisha picha ya mtu asiyehusika. Habari ilikuwa ya mshtakiwa wa kesi ya wizi. Picha ilikuwa ya mfanyabiashara mwenye jina linalofanana na lake, mtu na heshima zake, ambaye asubuhi ile aliamka, akanywa chai, akafungua gazeti na kukuta uso wake chini ya kichwa cha habari cha aibu. Saa nne kikaitishwa kikao. Mhariri aliingia na gazeti limekunjwa mkononi kama mtu anayetafuta nzi wa kumpiga, akasema: "Mbona mnaniaibisha?"

Hakuna aliyejibu, maana lile halikuwa swali. Akauliza la pili: "Nani kaiweka?" Hili lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mimi. Nikaandika barua ya kujieleza, ukurasa mmoja, nikaimalizia kwa maneno ambayo karibu kila aliyewahi kuajiriwa anayajua: kosa hili halitajirudia. Likajirudia baada ya wiki kumi na moja, kwa mikono ya mwenzangu, mimi nikiwa likizo.

Kiswahili kina maneno mawili ya kuulizia sababu, na mgeni anayejifunza lugha hii huchukua muda kuyatofautisha. "Kwa nini" linaomba maelezo. "Mbona" mara nyingi huja na hukumu mfukoni. Anayekwambia "mbona umechelewa" ameshaamua kuwa kuchelewa kwako kumemuudhi au kumemshangaza, na anachosubiri kwako ni utetezi. Sisemi mbona ni neno baya. Kuna mbona za mapenzi, mama akikuona umekonda atasema "mbona hivyo mwanangu" na moyo wako utayeyuka. Lakini kazini, sehemu nyingi nilizopita, hata ile "kwa nini" yenyewe hutamkwa kwa sauti ya mbona. Ukiulizwa sababu, ujue umeshapatikana na hatia, kilichobaki ni ukubwa wa adhabu.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma historia ya namna moja maarufu ya kutatua matatizo kazini, nilijikuta nasoma habari za hilo neno zaidi ya habari za viwanda. Kama ofisi yako imewahi kukupeleka semina, huenda umeiona: slaidi moja, "Kwa nini tano". Tatizo likitokea, uliza kwa nini. Ukipata jibu, liulize jibu lenyewe kwa nini. Endelea hivyo mara tano, utafika kwenye mzizi. Kisha mnatoka kunywa chai na sambusa. Mwezeshaji hajakudanganya, njia yenyewe ni hiyo kweli. Ila slaidi haina nafasi ya kueleza njia hiyo imetoka wapi, nani aliilipia, na kwa nini ikihamishiwa ofisi nyingine hufa kimyakimya.

Wengi huianzia kwa Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyezaliwa 1867 katika kijiji ambacho leo kiko mkoa wa Shizuoka, Japani. Wanawake wa kijijini kwao walifuma nguo kwa vitanda vya mbao, kazi ya kuvunja mgongo, na kijana akawa anakaa kuwaangalia saa nyingi kuliko ilivyoonekana sawa kwa mtoto wa kiume. Mwaka 1891 alipata hataza ya kitanda chake cha kwanza cha mfumi. Aliendelea kuchokonoa vitanda hivyo kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro wakakamilisha mashine iliyoitwa Aina G. Sifa yake moja ndiyo inayotuhusu: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe.

Inaonekana jambo dogo. Mashine isiyojisimamisha, uzi ukikatika inaendelea kufuma tu, na yadi kwa yadi za kitambaa kibovu zinatoka bila aibu yoyote. Kwa hiyo lazima asimamishwe mtu mbele yake aikodolee macho kutwa nzima. Mashine inayosimama penye kosa humwachia mtu huyo nafasi ya kuangalia nyingine nyingi, halafu inafanya jambo lingine: inalionyesha kosa pale pale lilipozaliwa, kabla halijafunikwa na kazi iliyofuata. Baadaye kampuni ililiita wazo hilo jidoka, na hapa wapenda maandishi mtafurahi. Ni neno la kawaida la Kijapani la mashine kujiendesha, ila katika herufi ya kati, ile yenye maana ya kusogea, wameongeza vistari viwili vya alama ya mtu, nayo ikageuka kuwa herufi ya kufanya kazi. Matamshi yanabaki yale yale. Tofauti unaiona ukisoma tu.

Mwaka 1929 haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa Platt Brothers wa Oldham, Uingereza, kwa makubaliano ya pauni 100,000. Sakichi alifariki mwaka uliofuata. Kiichiro alikuwa na kichaa chake, magari, na mwaka 1937 ikaanzishwa kampuni ya magari inayojitegemea. Jina lilikuwa limeshabadilishwa mwaka mmoja nyuma kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na uhandisi: likiandikwa kwa herufi za katakana, Toyota linachukua mikwaju minane ya kalamu, na nane huko ni namba ya heri. Kila nikiona Hiace imebeba watu kupita kiasi, mlango haufungi na konda ananing'inia, naikumbuka hiyo heri.

Heri yenyewe ilikawia. Mwaka 1949, Japani ikiwa chini ya utawala wa jeshi la Marekani, serikali ilibana mikopo ili kuua mfumuko wa bei, na biashara ya magari ikaanguka. Toyota ilikuwa na magari yasiyonunuliwa na madeni yasiyolipika. Wafanyakazi walikubali kukatwa asilimia 10 ya mshahara kwa ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayepunguzwa. Miezi michache baadaye mabenki, yaliyokuja kuiokoa kampuni, yalitaka watu wapunguzwe. Mpango ukatoka wa kuwaondoa 1,600. Mgomo ukaanza Aprili 1950 na kwenda hadi Juni.

Ulipokwisha, waliotajwa waliondoka, na Kiichiro Toyoda, aliyekuwa ameweka saini ile ahadi, akajiuzulu urais wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Majuma machache baada ya hapo vita vya Korea vilianza, jeshi la Marekani likaagiza malori, kampuni ikapumua. Mwaka 1952 aliombwa arudi, akafariki Machi mwaka huo huo kabla hajarejea kitini. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Simulizi nyingi za "kwa nini tano" hukiruka kipande hiki au hukipa sentensi moja. Mimi naona bila hicho hakuna hadithi. Baada ya 1950, kampuni na chama cha wafanyakazi wote walikuwa wameonja kitu ambacho hawakutaka kukionja tena. Taratibu, kwa mabishano ya miaka, wakajenga maelewano: waliobaki watabaki mpaka wastaafu, nao watakubali kazi ibadilishwe namna yoyote itakayoonekana inafaa. Mwaka 1962 pande mbili zikatia saini tamko la pamoja. Sasa fikiria maana yake kwa mtu anayesimama mbele ya mashine. Akigundua kwamba kazi ya watu wawili inaweza kufanywa na mmoja, akasema, hajajichimbia kaburi. Akisema kosa limetoka kwake, kesho bado ana kazi.

Katikati ya miaka hiyo alikuwepo Taiichi Ohno. Alizaliwa Dalian, China, mwaka 1912, akaanzia kwenye kiwanda cha nguo cha Toyoda mwaka 1932, akahamishiwa kwenye magari 1943. Alikuja na macho ya mtu wa nguo. Alikuwa ameona mashine zinazosimama zenyewe uzi ukikatika, na alipofika kwenye karakana ya vyuma akakuta kila mtu anailinda mashine yake moja kama mbuzi wa sadaka. Alianza kuwapa watu mashine mbili, tatu, nne. Hawakumpenda. Kwa muda mrefu mfumo ule uliitwa wa Ohno kabla haujaitwa wa kampuni, na hilo halikuwa la kumsifu.

Ohno hakuwa mpole, tusimgeuze mtakatifu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha mhandisi ndani yake, anamwambia aangalie, na kuondoka. Anarudi baada ya saa kadhaa: umeona nini? Jibu lisipomridhisha, endelea kusimama. Mhandisi aliyesoma chuo kikuu, suti yake imepigwa pasi, anasimama kwenye duara kama mtoto wa shule aliyechelewa mstarini. Lakini tazama alichokuwa anamlazimisha kufanya. Alimkataza kujibu akiwa ofisini.

Njia ya maswali haikutoka Japani peke yake. Wakati wa vita kuu ya pili Marekani ilikuwa na viwanda vilivyojaa watu wapya, wengi wao wanawake ambao hawakuwahi kugusa mashine, na serikali ikaanzisha mafunzo mafupi kwa wasimamizi yaliyojulikana kwa kifupi TWI. Msimamizi alipewa kadi ya mfukoni. Sehemu moja ilimtaka aivunje kazi vipande vipande na kila kipande akiulize: kwa nini kinahitajika, lengo lake nini, kifanyike wapi, lini, na nani, kwa namna gani. Baada ya vita Wamarekani waliyapeleka mafunzo hayo Japani, na Toyota ikayaanza mwaka 1951.

Niliposoma orodha hiyo nilicheka peke yangu. Ni maswali yetu! Nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi: ndiyo yale tuliyokaririshwa mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari. Tofauti ni kwamba sisi, tukibanwa na muda, huwa tunaanza kulitupa la "kwa nini". Ajali imetokea, mahali fulani, saa fulani, wamekufa kadhaa, dereva anasakwa na polisi. Kwa nini? Mwendo kasi. Nukta, tunapeleka ukurasa mtamboni. Kwenye kadi ya TWI, swali hilo lilikuwa la kwanza.

Ohno aliliandika wazo lake katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, na mfano alioutoa humo umeshasafiri dunia nzima. Nitausimulia kwa lugha ya gereji.

Mashine imesimama. Kwa nini? Ilizidiwa mzigo, fyuzi ikaungua. Fundi wa haraka anaishia hapo, anaweka fyuzi mpya, anapokea hela yake. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikuwa inapata oili ya kutosha. Kwa nini haipati? Pampu ya oili haivuti vizuri. Kwa nini haivuti? Shafti yake imelika, inacheza. Kwa nini imelika? Hakuna chujio, kwa hiyo vipande vya chuma vimeingia ndani. Weka chujio.

Ukitazama, utaona fyuzi mpya nayo ingefanya kazi. Mashine ingewaka, msimamizi angefurahi, ripoti ingeandikwa "tatizo limetatuliwa". Ingeungua tena baada ya muda, na ingebadilishwa tena, na pengine pangetafutwa mtu wa kulaumiwa kwa kununua fyuzi feki. Huko ndiko tunakoishi wengi wetu, kwenye ulimwengu wa fyuzi.

Kitu cha pili kilinichukua muda kukiona. Katika majibu yote matano hakuna jina la mtu. Hakuna "Juma alisahau", hakuna "mafundi wa siku hizi hawajali". Mtu angeweza kuuliza: nani alitakiwa kuweka chujio? Ohno, kwa ukali wake wote, mnyororo wake haukupitia hapo, kwa sababu jina la mtu hufunga mlango. Ukishampata Juma, umemaliza, na chujio bado halipo.

Namba tano, kwa njia, si amri. Mara nyingine mzizi unapatikana kwenye swali la tatu, mara nyingine la saba. Na wahandisi wengi wamelalamika, kwa haki, kwamba mnyororo mmoja ulionyooka hudanganya: mambo makubwa huwa na sababu tatu nne zinazokutana njia panda, na muulizaji hufuata ile anayoijua. Mtu wa mauzo ataishia kwenye mauzo, mtu wa fedha ataishia kwenye bajeti. Ndiyo maana Ohno alikuwa anachora lile duara. Majibu yalitakiwa yatoke sakafuni. Ya kichwani hakuyataka.

Kuna upande wa pili, na inapendeza kwamba aliyeuandika ni mwandishi wa habari. Mwaka 1972 Satoshi Kamata aliajiriwa Toyota kama kibarua wa msimu, akakaa miezi sita kwenye mkanda wa kuunganisha giaboksi, akiandika shajara usiku mikono imemvimba. Kitabu chake kilitoka 1973 na jina lake la Kijapani linakiita kiwanda hicho kiwanda cha kukata tamaa. Aliandika kuhusu kasi ya mkanda inayoongezwa, wenzake wanaoumia, usingizi usiotosha. Kamata alikuwa kibarua, mkataba wake una tarehe ya mwisho, ile ahadi ya kubaki mpaka kustaafu haikumhusu. Kwa hiyo ndani ya kiwanda kile kile, siku zile zile, kulikuwa na watu ambao "kwa nini" ilikuwa mali yao na watu ambao waliisikia ikipita juu ya vichwa vyao. Kuboresha kazi, kwa mtu kama Kamata, kulimaanisha kukimbia zaidi.

Nimewahi kusikia mtu akisema haya yote ni mambo ya Wajapani, nidhamu yao, utamaduni wao, sisi hatuwezi. Jibu lake liko California. Mji wa Fremont ulikuwa na kiwanda cha General Motors kilichofungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya kuliko karibu vyote vya kampuni hiyo: siku nyingine mtu mmoja kati ya watano haji kazini, wengine wanakuja na chupa, mkanda hausimamishwi kwa lolote. Gari likipita na mlango usiolingana, liende tu, litarekebishwa uani. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Waliowaajiri, kwa sehemu kubwa sana, ni wale wale. Chama cha wafanyakazi ni kile kile.

Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza. Walioneshwa kamba inayopita juu ya mkanda: ukiona kosa, au ukishindwa kumaliza, vuta. Kiongozi wa kikundi anakuja, na jambo la kwanza analofanya ni kukusaidia. Kwa watu wa Fremont hilo lilikuwa kama kusikia simba anasema karibu. Kule kwao, kusimamisha mkanda ilikuwa dhambi ya kufukuzwa. Ndani ya miaka miwili hivi magari yao yalikuwa yanakaribia ubora wa yale ya Japani, na watoro wakawa wachache kabisa.

Watu husimulia habari ya kamba na kuishia hapo. Mkataba wa NUMMI ulikuwa pia na kifungu kwamba kampuni haitapunguza watu mpaka iwe imejaribu njia nyingine zote, ikiwemo kuwakata mishahara mabosi. Kifungu hicho kilijaribiwa. Mwaka 1988 mauzo ya gari lao yaliporomoka, kazi ikapungua sana, na wafanyakazi wakabaki: wengine waliwekwa darasani, wengine wakapewa miradi ya kuboresha kazi. Nadhani siku ile ndipo kamba ilipokuwa kamba kweli.

General Motors waliitazama miujiza hiyo kwenye ua wao wenyewe kwa miaka 25. Walijaribu kuihamishia Van Nuys, kusini mwa jimbo hilo hilo, wakaweka kamba na vikundi na istilahi zote. Haikushika, kiwanda hicho kilifungwa 1992. Kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2009. NUMMI nayo ilifungwa Aprili 2010, na leo majengo yake yanatengeneza Tesla.

Na kabla hujaanza kuisujudia Toyota: Februari mwaka huo huo wa 2010, Akio Toyoda, kitukuu cha yule mtoto wa seremala, alikaa mbele ya wabunge wa Marekani kueleza kwa nini magari ya kampuni yake yalikuwa yanaongeza mwendo bila kuombwa na mamilioni yameitwa gereji. Alikiri kuwa huenda kampuni ilikua haraka kupita uwezo wa watu wake kujifunza. Mwaka 2014 ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kumaliza uchunguzi wa jinai, kwa kuwapotosha wateja juu ya usalama wa magari hayo. Kampuni iliyoufundisha ulimwengu kuuliza kwa nini ilikuwa imeficha majibu. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi njia hii isivyoweza kujilinda yenyewe.

Kwetu ilifika kwa mlango wa hospitali. Kuanzia mwaka 2007, kwa msaada wa ushirikiano wa Japani, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ikawa miongoni mwa za mwanzo Tanzania kuanza na hatua za awali za kaizen, zile S tano za kupanga mahali pa kazi, zikifuata mfano wa hospitali ya kina mama ya Castle Street huko Colombo, Sri Lanka. Wizara ya Afya ikazisambaza kwingine. Kwa Kijapani hatua hizo zote huanza na S, na aliyetafsiri hakukubali kushindwa: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mimi namvulia kofia mtu huyo. Seti amechechemea kidogo, lakini Sasambua ni uamuzi wa mshairi. Kusasambua ni kuvua, kuambua kimoja kimoja hadi kibaki kinachotakiwa, na ndicho hasa kinachofanyika stoo unapotoa vitanda vibovu vya miaka na dawa zilizokwisha muda.

Mwaka juzi nilikaa nusu siku kwenye hospitali moja na shangazi yangu. Ukutani palikuwa na bango la S tano, limepigwa lamineti vizuri. Faili lake lilikuwa halionekani. Muuguzi, binti mdogo, amechoka, akamuuliza: "Mbona hukuja na namba yako mama?" Shangazi alikuwa nayo, ila ni ya mfumo wa zamani. Muuguzi akatoka kulitafuta faili, akarudi bila kitu, akafungua jingine jipya, la tatu kwa maisha ya shangazi hospitalini hapo. Nilimwangalia yule binti. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kwa nini mafaili yanapotea, ya kwanza mpaka ya tano. Sidhani kama kuna mtu alishawahi kumuuliza, na kama angeulizwa, sina hakika angejibu. Mkataba wake huenda ulikuwa wa miezi sita, kama wa Kamata.

Nirudi kwenye picha. Baada ya kosa la pili, mwenzangu naye akaandika barua yake, nasi tukakaa kibarazani na mzee mmoja aliyekuwa akitunza picha za gazeti tangu enzi za filamu. Nikamuuliza tu, kwa uchovu, kwa nini inatokea. Akasema mkitafuta picha mnatafuta kwa jina, na majina yanafanana. Kwa nini kwa jina tu? Kwa sababu picha siku hizi zinaingia bila maelezo, wapiga picha wanazirusha kwa WhatsApp wakiwa kwenye bodaboda. Kwa nini hakuna anayeandika maelezo zikifika? Kulikuwa na vijana wawili wa kazi hiyo, wameondolewa mwaka jana. Kwa nini waliondolewa? Mzee akageuka kutazama ghorofa ya juu, kwenye dirisha lenye kiyoyozi, la yule aliyetuuliza mbona tunamwaibisha.

Akamimina chai iliyobaki kwenye sahani, akaipuliza.

"Ya tano, mwanangu," akasema, "panda ukaulize wewe, una digrii."

Sikupanda.